Kabla Fundi Hajashika Bisibisi

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya magonjwa ya watu: malaria, kuhara, kifua kikuu, lishe ya watoto. Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya magonjwa ya vyombo vinavyowatibu watu hao, na hasa juu ya karatasi moja ambayo wengi huiona kuwa usumbufu wa ofisini tu. Karatasi hiyo ni hati ya kazi, yaani maandishi yanayosema ni mashine ipi itatengenezwa, ina ubaya gani, nani ataitengeneza, lini, kwa vipuri gani, na nani amekubali ifunguliwe.

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi wakulima wa kahawa wa Ruanda, au wavuvi wa Lituhi na Mbamba Bay? Yanatuhusu kwa sababu sisi ndio wagonjwa. Lakini pia wengi wetu tumo katika kamati za zahanati na vituo vya afya, na kamati hizo huombwa kupitisha fedha za matengenezo. Mjumbe anayeinua mkono au kuweka sahihi bila kujua anakubali nini anashiriki katika kazi hiyo, ijapokuwa hajawahi kushika spana maishani mwake.

Mashine zinazolala

Mwaka 2011 wachunguzi wawili wa Marekani, Perry na Malkin, walichapisha hesabu ya vifaa vya hospitali katika nchi maskini 16. Waliona kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu walizozitaja ni ukosefu wa mafunzo, miundombinu dhaifu kama vile umeme na maji, na usimamizi mbaya wa vifaa vyenyewe. Mara nyingi sisi hulaumu umaskini, tukasema "hatuna vipuri". Ni kweli vipuri ni shida. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbinga ni safari ya kilomita 1,000 hivi, na kipuri kikikosewa namba husafiri safari hiyo mara tatu: kuja, kurudi, na kuja tena. Lakini kipuri hukosewa namba kwa nini? Aghalabu ni kwa sababu hakuna aliyekaa chini na kuandika kabla ya kuagiza.

Wakulima wa Umatengo hawahitaji kufundishwa jambo hili na sisi. Katika kilimo cha ngoro majani hufyekwa, huachwa yakauke, kisha hupangwa kwa miraba, ndipo udongo wa katikati huchimbwa na kutupwa juu ya majani. Anayeanza na jembe kabla ya kupanga majani atapata mashimo, hatapata ngoro.

"Mashine mbovu" si maelezo

Hati ya kazi huanza kwa yule anayeitumia mashine kila siku, si kwa fundi. Muuguzi wa chumba cha upasuaji, mhudumu wa maabara, mkunga wa wodi ya wazazi, hao ndio wanaojua tabia ya chombo chao. Basi waandike walichokiona. Kuandika "mashine mbovu" ni sawa na mgonjwa anayemwambia mganga "naumwa" na kunyamaza. Mganga atauliza: unaumwa wapi, tangu lini, homa inapanda saa ngapi? Fundi naye anataka kujua mambo ya namna hiyo. Mashine imezimika ghafla au ilianza kudhoofika polepole? Kulikuwa na harufu ya kuungua? Ilitokea baada ya umeme kukatika na kurudi? Fyuzi imewahi kubadilishwa, na nani aliibadilisha?

Tuchukue mfano wa mashine ya mvuke ya kutakasia vyombo, ambayo mafundi huiita otoklevu. Kazi yake ni kuua vijidudu katika mikasi, visu na vitambaa vya upasuaji kwa mvuke wenye joto la nyuzi 121 au 134 za Selsiasi. Mvuke wa kufikia joto hilo sharti ufungiwe ndani kwa mgandamizo. Muuguzi akiandika kwamba "mvuke unatoka pembeni mwa mfuniko na saa ya presha haifiki pale inapofika siku zote", fundi ataanza kufikiri juu ya mpira wa mfuniko kabla hajaondoka Songea, na pengine ataubeba mwingine mfukoni. Akiandika "mbovu", fundi atakuja kuangalia, atarudi kutafuta mpira, na atakuja tena wiki inayofuata. Nauli imeliwa mara mbili na mashine bado imelala.

Baada ya hapo fundi huikagua mashine bila kuifungua, kadiri inavyowezekana, na kuandika mpango wake: atafanya nini kwanza, atahitaji nini, saa ngapi au siku ngapi. Namba ya mashine inakiliwa kutoka kwenye kibati chake, si kwa kukumbuka. Vipuri viwepo mkononi kabla ya mashine kufunguliwa. Mashine iliyofunguliwa ikisubiri kipuri ni mashine iliyouawa nusu: misumari yake hupotea, vumbi huingia, na baada ya miezi mitatu mtu mwingine huichukua waya kwa ajili ya mashine nyingine.

Nani atakosa huduma wakati huo?

Hili ndilo swali ambalo tungependa kila mjumbe wa kamati alikariri. Mashine ya hospitali si kama mashine ya kusaga mahindi, ambayo ikifungwa watu wataenda kwa jirani au watarudi kesho. Ukiifunga otoklevu siku ya Jumanne iliyopangwa upasuaji, je, mama atakayeletwa na uchungu uliokwama atapasuliwa kwa vyombo gani? Kwa hiyo hati lazima iseme: kuna seti ngapi za vyombo zilizokwisha kutakaswa, zitatosha siku ngapi, na zikiisha vyombo vitapelekwa kutakaswa wapi.

Au tutazame jokofu la chanjo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likizidi zinaharibika, na zipo nyingine, kama ile ya pepopunda na ile ya homa ya ini, ambazo zikiganda pia hazifai tena, hata kama kwa macho zinaonekana nzuri. Kabla ya fundi kuligusa jokofu, chanjo zihamishiwe kwenye kasha baridi lenye vibarafu vilivyoandaliwa vizuri pamoja na kipimajoto, na mratibu wa chanjo wa wilaya apewe taarifa. Hapo tena ni habari ya kuandika mapema, kwa maana vibarafu haviandaliwi kwa dakika tano, na jokofu la kuvigandishia huenda ndilo hilo hilo linalotengenezwa. Kazi ikiisha, jokofu liachwe likifanya kazi tupu kwa siku nzima hivi huku joto likiandikwa, ndipo chanjo zirudishwe.

Na mtoto aliye kwenye oksijeni? Hapa hatuna maneno mengi. Mashine yake haifunguliwi mpaka nyingine, au mtungi uliojaa, iwe imesimama kando ya kitanda na imekwisha kujaribiwa.

Hatari kwa fundi mwenyewe

Hati nzuri inamfikiria pia fundi, ambaye ni baba wa watoto kama wengine. Kwenye otoklevu hatari ni mvuke na mgandamizo: mashine ipoe, saa ya presha isome sifuri, ndipo mfuniko uguswe. Vali ya usalama isifungwe kwa waya wala kuzibwa kwa sababu "inavuja kidogo". Ikivuja, ndiyo kazi ya kuandikwa kwenye hati. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaweka vyombo vya namna hii vya mgandamizo chini ya ukaguzi, na si bure.

Kwenye umeme mambo yamebadilika huku kwetu. Zamani Songea na Mbinga zilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka 2018 umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea kwa njia kubwa ya kutoka Makambako. Vituo vingi sasa vina umeme wa TANESCO, vina jenereta la akiba, na vingine vina paneli za jua juu ya paa. Ni neema, lakini kwa fundi ni mitego mitatu. Anaweza kuzima swichi kubwa ya TANESCO, akaanza kazi, na mlinzi kwa nia njema kabisa akaona giza na kuwasha jenereta. Kwa hiyo hati iandike vyanzo vyote vya umeme vya mashine hiyo, na kila kimoja kifungwe kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwa fundi mwenyewe, na kibao kitundikwe: "Usiwashe, mtu yuko kazini", pamoja na jina lake. Katika viwanda na migodi mikubwa ulimwenguni utaratibu huu wa kufuli na kibao ni wa kawaida, na katika kata yetu ya Ruanda, yanakochimbwa makaa ya mawe ya Ngaka, si jambo geni kusikia habari za kibali cha kazi. Hospitali zetu zinaweza kuiga. Kufuli si ghali.

Mashine ya eksirei ina hatari yake ya pekee. Hata ikichomolewa ukutani, ndani yake unaweza kubaki umeme mkali uliohifadhiwa. Tena ni chombo cha mionzi, na mambo yake yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Hiyo si kazi ya fundi wa redio, hata akiwa hodari namna gani, na mwenye kuidhinisha anapaswa kukataa kabla ya kuuliza bei.

Iko na hatari nyingine inayosahaulika, nayo ni uchafu wa ugonjwa. Mashine ya kufyonzea damu na makohozi ikipelekwa karakana ilivyo, fundi anapewa ugonjwa pamoja na kazi. Chupa zake na mipira yake isafishwe na kutiwa katika maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwanza, na muuguzi aandike kwenye hati kwamba amefanya hivyo na saa aliyofanya.

Sahihi si mhuri

Sasa tufike kwa mwenye kuidhinisha. Katika hospitali huwa ni mganga mfawidhi au katibu wa hospitali. Katika zahanati ni mwuguzi au tabibu mfawidhi. Kwa kazi ya fedha nyingi, kamati nayo huhusika. Maoni yetu ni kwamba sahihi tatu zinatosha: ya anayetumia mashine, kwamba yuko tayari kuikosa kwa muda huo, ya fundi, kwamba ana vipuri na uwezo, na ya mwenye dhamana, kwamba amesoma. Sahihi nane hazilindi mtu, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake amesoma.

Na mwenye dhamana asome kweli, kisha aende akaitazame mashine. Aulize kwa upole: "Fundi, ikishindikana katikati utafanyaje?" Fundi mzuri ana jibu. Atasema, kwa mfano, kwamba mpira mpya ukikataa kukaa ataurudisha wa zamani ili mashine itumike kwa dharura hadi kesho. Au atasema kwamba hakuna kurudi nyuma, ndiyo maana anaomba kazi ifanyike Jumamosi. Fundi asiye na jibu asifukuzwe, arudishiwe hati akafikiri. Kuirudisha hati si dharau kwa fundi. Ni afadhali akasirike leo mezani kuliko alie kesho wodini.

Tena fedha isimfanye mwenye kuidhinisha awe mkaguzi wa bei tu. Tumeona mara nyingi vikao vinavyobishana saa nzima juu ya posho ya fundi, huku hakuna mjumbe aliyeuliza kazi yenyewe itafanywa siku gani.

Karatasi mbili kwa pampu moja

Pengine msomaji bado anadhani tunaikuza karatasi kupita kiasi. Basi tutoke kidogo nje ya hospitali, kwa sababu ajali iliyofundisha ulimwengu zaidi juu ya jambo hili ilitokea baharini. Tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini karibu na Uskoti, kulikuwa na jukwaa kubwa la kuchimba mafuta na gesi lililoitwa Piper Alpha. Mchana wa siku hiyo mafundi waliondoa vali ya usalama ya pampu mojawapo ili wakaitengeneze, wakaziba nafasi yake kwa kifuniko cha chuma cha muda. Zamu yao ikaisha kabla vali haijarudishwa. Karatasi ya kazi hiyo ikarudishwa ofisini, lakini waliokuja zamu ya usiku hawakuambiwa.

Pampu hiyo hiyo ilikuwa na karatasi nyingine, ya matengenezo makubwa yaliyokuwa hayajaanza. Usiku pampu ya pili ilipozimika na kukataa kuwaka, wafanyakazi waliiangalia karatasi hii waliyoijua, wakaona kazi haijaanza, wakaamini kwamba pampu ya kwanza ni nzima, wakaiwasha. Gesi ikavuja pale vali ilipotolewa. Mlipuko ukafuatwa na moto, na watu 167 wakafa. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen, uliotolewa mwaka 1990, uliona kwamba utaratibu wa vibali vya kazi haukufuatwa ipasavyo na kwamba habari hazikupita vizuri kutoka zamu hadi zamu.

Karatasi zilikuwepo, tena mbili. Lakini zilikuwa mahali pawili, na hakuna mdomo uliozisemea. Hospitali nayo ina zamu ya mchana na zamu ya usiku. Fundi akiacha kazi katikati, hati isiende kulala kwenye droo ya ofisi inayofungwa saa tisa na nusu. Nakala moja ifungwe kwenye mashine yenyewe, na muuguzi anayekabidhi zamu ataje kwa sauti: "Mashine hii imefunguliwa, haitumiki." Na kila mashine iwe na hati moja tu iliyo wazi kwa wakati mmoja. Kazi ya pili ikijitokeza, iongezwe kwenye hati hiyo hiyo na isainiwe upya.

Itajulikanaje kwamba imepona?

Hili nalo liandikwe kabla, si baada. Watu wengi wakisikia mashine inanguruma husema imepona. Mashine ya kuzalishia oksijeni inatufundisha kuwa waangalifu. Huivuta hewa ya kawaida, yenye oksijeni kama asilimia 21, ikaichuja, na inapaswa kutoa hewa yenye oksijeni isiyopungua asilimia 82. Dawa yake ya ndani ikichoka, au chujio likijaa vumbi, itaendelea kunguruma na kupuliza vizuri kabisa mpirani, lakini oksijeni imepungua. Mtoto ataendelea kuhema juu juu na wazazi wataambiwa ugonjwa ni mkali. Kwa hiyo hati ya mashine hiyo iseme tangu mwanzo kwamba kazi haihesabiwi imekwisha mpaka oksijeni ipimwe kwa kipimo chake na namba iandikwe. Ya otoklevu iseme kwamba itaendeshwa mzunguko mzima, joto na muda viandikwe, na utepe wa kupimia ubadilike rangi. Anayepokea mashine ni yule yule muuguzi aliyeandika malalamiko ya kwanza, na aipokee akiwa ameiona ikifanya kazi.

Itakuwaje usiku, jenereta likizimika mama akiwa juu ya meza ya upasuaji? Hapo hakuna anayengoja kikao. Mganga anaidhinisha kwa mdomo, au kwa simu, fundi anarudia alichosikia ili wote wawili wahakikishe, kufuli linafungwa kama kawaida, na hati inaandikwa asubuhi kabla fundi hajaenda kulala. Dharura huondoa foleni ya sahihi, haiondoi kufuli.

Kwa zahanati ndogo yenye wauguzi wawili na mlinzi, hakuna haja ya fomu zilizochapishwa mjini. Kaunta buku moja inatosha. Kila kifaa kipewe kurasa zake: jokofu, mizani ya watoto, darubini, paneli za jua, pampu ya maji. Juu ya ukurasa wa kwanza iandikwe namba ya kibati, mwaka kilipopokelewa, umeme kinaotumia, na simu ya fundi anayekifahamu. Chini yake ziandikwe kazi, moja baada ya nyingine, na sahihi zake tatu. Daftari likae chumba cha mfawidhi, mahali ambapo zamu ya usiku wanaweza kulifikia. Na fundi akifika kutoka Songea au Peramiho, amechoka kwa safari, apewe maji ya kunywa na daftari hilo, kisha ndipo aonyeshwe mashine.